Daktari Asiyechoma Sindano

Nimekaa miji mingi tangu nilipotoka Dar es Salaam, na karibu kila mji nimefanya kazi nyingine: ukarani wa ghala, kupima pamba, kukata tiketi za basi, kufundisha watu wazima kusoma. Situlii. Mama yangu alikuwa akisema nilizaliwa barabarani, ingawa nilizaliwa Kinondoni kitandani mwake, wakati Kinondoni ilikuwa mikorosho na nyumba za makuti zilizotazamana kwa mbali. Lakini kazi ninayoikumbuka kwa shukrani, ile inayonijia nikiwa nimeketi juu ya sanduku langu nangoja gari lisilokuja, niliifanya enzi za Mwingereza, nikiwa kijana niliyetoka sekondari na Kiingereza kipya mdomoni. Nilikuwa mkalimani wa daktari asiyechoma sindano.

Alikuwa mama wa Kiingereza, mumewe ofisa wa serikali. Kwao alisomea mambo ya nafsi ya mtu: jinsi anavyoogopa, anavyohuzunika, anavyoshindwa kulala ilhali mwili hauna homa. Hakupasua, hakutoa dawa. Nadhani wakubwa hawakujua wamweke wapi, basi wakampa landrova iliyochoka na dereva wake, wakamwambia azunguke. Akawa anazunguka: kliniki ya kina mama Kinondoni, chumba cha wagonjwa cha makuli bandarini, dispensari ya Temeke, na wadi moja ya hospitali kuu mjini. Usoni watu walimwita Mama Daktari. Nyuma yake walimwita daktari asiyechoma sindano, wengine kwa dharau, na watoto kwa furaha.

Siku ya kwanza alinipa amri moja. Mgonjwa mmoja alisema tumbo lake linatembea usiku, mie nikamwambia mama kwa Kiingereza kizuri kwamba bwana huyu ana matatizo ya mmeng'enyo. Akanitazama.

"Amesema hivyo?"

"Amesema tumbo linatembea, mama. Lakini ni maneno ya watu wasiosoma."

"Mimi nataka hayo hayo. Muulize linatembea kwenda wapi."

Nikamuuliza, nikiona haya. Yule bwana akakaa vizuri, kama mtu aliyefika nyumbani, akasema linakwenda Kilwa, kwa mkewe aliyemwacha. Tulikaa naye asubuhi nzima.

Nilichojifunza kwake ni kwamba hakuwa na namna moja ya kufanya kazi. Kliniki ya Kinondoni alivua viatu, akaketi mkekani kati ya kina mama, akapakata mtoto wa yeyote aliyechoka, na maswali yake akayaingiza katikati ya maneno ya uji na meno yanayoota. Bandarini hakukaa kabisa. Aligundua kuli akiketishwa kitini na kutazamwa usoni anajibu "ndiyo, mama" kwa kila jambo, hata akiulizwa kama amekufa. Basi alitembea nao. Alikwenda nao ubavuni, wote wakitazama mbele kwenye magunia, na mtu aliyekuwa bubu kitini akawa anasema mwenyewe. Mke wa mwenye duka wa Kihindi aliletwa na mama mkwe wake. Mama daktari alizungumza na mama mkwe kwanza, juma zima, mpaka mama mkwe mwenyewe akasema, sasa mzungumzishe huyu. Walioniambia wamekwenda kwa shehe kusomewa, au kwa mganga, nilidhani atawakemea. Aliwauliza shehe alisema nini, na baada ya kusomewa walilalaje.

Nikaja nikaona kwamba na mie ananifundisha kuishi na watu. Miji yote niliyopita baadaye nimeingia kwa njia hiyo: kuuliza kwanza hapa watu wanazungumza wameketi au wanatembea.

Sasa yule mama wa Temeke.

Alikuwa Mzaramo kama mie, bado kijana, ana mtoto wa kiume anayenyonya. Mumewe alikwenda kukata mkonge bara, akaugua huko, akafa, akazikwa na wafanyakazi wenzake. Habari zilifika Temeke mvua imekwisha kuotesha majani juu ya kaburi. Hapakuwa na maiti wa kuosha wala kaburi la kuchimba. Familia walisoma hitima ya haraka, watu wachache, wakala, wakatawanyika. Tangu siku ile huyu mama hakusema neno. Alimnyonyesha mtoto akiwekewa kifuani, alikula akilishwa, na kila jioni alichemsha maji akayaweka bafuni kwa mtu wa kuoga, kisha akasimama mlangoni mpaka yapoe.

Aliyemleta ni mama mkwe wake, mama wa yule marehemu, bibi mwembamba mwenye sauti kubwa. Mganga mkuu wa wilaya alikwisha kumwona mgonjwa mara mbili. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na vitanda vichache na wagonjwa wengi, akaamua kwamba mwisho wa mwezi, kama hakuna mabadiliko, huyu mama atapandishwa treni kwenda bara, kwenye hospitali ya wenye wazimu. Mtoto hangeruhusiwa kwenda naye. Na sote tulijua watu waliopanda treni ile. Hatukumjua hata mmoja aliyerudi nayo.

Bibi alinishika mkono siku ya kwanza pale barazani mwa dispensari.

"Shikamoo, bibi," nikasema.

"Marahaba. Mwambie Mzungu wako hivi, na usipunguze. Mwanangu kafa. Mkwe wangu naye kafa lakini anatembea. Wakimchukua, huyu mjukuu nimnyonyeshe nini, vidole?"

Nikamwambia mama daktari bila kupunguza. Akamgeukia bibi, akasema kwa Kiswahili chake cha kuvunjikavunjika, "Shikamoo, mama." Watu waliokuwa foleni ya dawa wakageuka. Enzi zile Mzungu hakumwamkia mtu hivyo. Bibi naye akashtuka, akachelewa kuitikia, kisha akaitikia mara mbili.

Mama daktari hakumuuliza mgonjwa chochote. Bibi alikuja na ungo wa kunde, kwa kuwa hakuwa mtu wa kukaa bure, akawa anapukuchua. Mama daktari akachukua maganda machache akapukuchua naye, vibaya, kunde zikirukia watu. Ziara iliyofuata, mgonjwa akanyoosha mkono akachukua ganda moja. Tukaendelea hivyo: wanawake watatu na ungo, na mie nyuma yao nikilipwa mshahara wa serikali kutafsiri sauti ya kunde. Dereva alinicheka njia nzima. Lakini mwezi ulikuwa unakwenda, na mama daktari alijua. Nilimwona akitazama kalenda ya dispensari kila tulipoingia.

Asubuhi moja tukiwa katika kupukuchua, tukasikia mtu anapiga kelele barabarani.

"Wako wapi Wazaramo waliomla rafiki yangu? Wako wapi wachawi hawa?"

Akaingia Mnyamwezi mmoja, mtu wa mabega mapana, kuli wa bandarini. Alikuwa rafiki mkubwa wa yule marehemu. Walikaa nyumba moja kabla marehemu hajaoa. Alikuwa kwao Tabora wakati habari za kifo zilipofika, amerudi Temeke juzi ndipo akaambiwa. Hakusalimia mtu. Alikuja moja kwa moja, akajilaza chali mbele ya mkeka, mikono kifuani.

"Sitoki. Mmemzika bila mie, nani kawapa ruhusa? Nipeni maiti wangu. Kama hamna maiti, nizikeni mie, na sanda iwe mpya, msinizike kwa makuti kama mnavyozikana nyie Wazaramo."

Akaniona. "Na wewe karani wa Wazungu, kaptula imepigwa pasi na kichwani hamna kitu! Ulikuwa wapi rafiki yangu anakufa? Kwenye ngoma?"

Nikaanza kucheka. Bibi naye akafunika mdomo kwa kanga. Yule bwana akainuka, akaanza kutembea mwendo wa marehemu, bega moja juu, akijipapasa mifuko: "Tumbaku yangu wapi? Mke wangu, tumbaku yangu kaila panya?" Halafu akainama akamchukua mtoto kutoka mapajani mwa bibi, akamweka begani.

"Huyu ndiyo faini yangu. Nakwenda naye Tabora, atanibebea mzigo. Mzaramo wa kwanza kufanya kazi!"

Mama daktari alisimama. Uso ulikuwa mweupe kuliko kawaida yake. Alimchukua mtoto mikononi mwake, akamwambia yule bwana neno ambalo sikuwahi kumsikia akimwambia mtu: "Toka!" Dresa wa dispensari, yule wa kufunga vidonda, kijana wa Kilimanjaro ambaye mambo yetu ya pwani hakuyajua, akamshika bwana mkono akamtoa. Yule bwana alikwenda akicheka. Alipofika barabarani nilimwona amesimama na mgongo wake kwetu, mabega yanatetemeka, na haikuwa kicheko tena.

Ndani ya landrova, tulipokwisha kupita reli, mama daktari alinigeukia.

"Wewe ulicheka," akasema. "Mtu anamtukana mjane, anamwigiza mumewe aliyekufa, anachukua mtoto, na wewe unacheka. Na yule bibi anacheka. Nieleze."

"Ni mtani wetu, mama."

"Mtani ni nini?"

Nilishindwa kuanza. Ni kama kuulizwa chumvi ni nini. Nikamwambia kwamba zamani Wanyamwezi walikuja pwani na misafara, wamebeba mizigo, wakapita nchi ya Wazaramo. Wakagombana na wazee wetu, wakapatana, na baada ya kupatana wakaachiana ruhusa ya kutukanana mpaka kiama. Mtani akikutukana hukasiriki. Ukikasirika umeshindwa. Na siku ya msiba mtani ndiye mwenye kazi. Anachimba kaburi na anajilaza ndani akakataa kutoka. Anamwigiza marehemu mbele ya mjane wake. Anachukua kuku, anachukua kofia, anamwambia mfiwa mbona hulii vizuri, lia tena. Jamaa wa marehemu hawawezi kufanya hayo, wana uchungu. Yeye anaweza.

"Na mumewe alipokufa? Watani walikuja?"

"Watakuja wapi, mama? Hapakuwa na kaburi."

Alitazama nje. Tulikuwa tumekwisha kufika karibu na nyumba za Kinondoni ndipo aliposema, "Nimemfukuza mtu msibani."

Kisha akasema jambo jingine, na hili ndilo lililonifanya nimheshimu maisha yangu yote. Alisema mgonjwa aligeuza kichwa. Wakati mie nacheka na bibi anacheka na yeye mwenyewe ana hasira, aliona yule mama ameacha kupukuchua na shingo yake inamfuata yule bwana mpaka langoni. "Niliona," akasema, "na bado nilimfukuza. Kesho unipeleke kwake."

Tukaenda bandarini. Makuli wakakusanyika kuona Mzungu kaja kumtafuta kuli mwenzao, wakadhani kaiba. Mama daktari alisimama mbele yake, akasema kwa Kiswahili mbele ya watu wote, "Nilikosa. Nisamehe, baba."

Yule bwana akatua gunia. Akamtazama, akanitazama.

"Huyu naye Mzaramo?"

"Amekaa nasi muda mrefu," nikamwambia. "Ameambukizwa."

"Basi kama Mzaramo, faini." Akanyoosha mkono, akaichukua kofia ya mama daktari kichwani, ile kofia pana ya ukindu yenye utepe wa buluu, akaivaa yeye, akabeba gunia lake akaenda zake. Makuli walipiga mayowe ya furaha. Mama daktari alibaki na jua usoni, akaniuliza taratibu, "Sasa nikasirike au nisikasirike?"

"Usikasirike, mama. Ukikasirika umeshindwa."

"Nilidhani hivyo," akasema, na akarudi garini kichwa wazi.

Ziara iliyofuata ya Temeke yule bwana alikuwa amefika kabla yetu. Alikuwa amesimama barazani na kofia ile kichwani, kanzu imekunjwa mpaka magotini, anapokea salamu za watu wa foleni kama gavana. Mgonjwa aliketi mkekani, kunde mkononi. Alimtazama kwa muda mrefu. Sote tulikuwa tumejifanya hatumtazami yeye.

"Kichwa cha kubebea magunia hicho," akasema yule mama. Sauti yake ilikuwa ya kukwaruza, kama mlango wa nyumba iliyohamwa. "Kofia ya watu imekukosea nini?"

Bibi aliangusha ungo.

Yule bwana hakushangaa, au hakuonyesha. "Kumbe unasema! Nilidhani ulimi mmeuza pamoja na shamba mpate hela ya ngoma. Shemeji, mwenzio alikuwaga na kichwa kidogo, kofia hii ingemfika mabegani. Hivi." Akaivuta kofia mpaka puani, akatembea na bega moja juu, akijigonga kwenye nguzo ya baraza, akisema, "Mke wangu, mbona Temeke giza?"

Yule mama akacheka. Alicheka mpaka akashika mkeka, na kicheko kikageuka, kikawa kilio, kilio kirefu, cha kumwita mumewe kwa jina. Bibi akaenda akamkumbatia. Dresa akatoka mbio na kikombe cha maji na kidonge cha kutuliza. Mama daktari akamnyooshea kiganja asimame hapo hapo alipo, naye akasimama, na kikombe chake, mpaka mwisho. Foleni nzima ya dawa ilikuwa inalia. Mnyamwezi alikuwa amekaa chini, kofia mapajani, anafuta macho kwa utepe wa buluu na kusema, "Lia vizuri, Mzaramo, hata kulia mvivu."

Sitaki msomaji adhani kwamba mambo yaliisha hapo. Siku zilizofuata yule mama alisema kidogo, na siku nyingine alirudi kimya. Mama daktari aliongeza ziara, akaacha safari nyingine. Hapo ndipo nilipomwona akifanya kazi aliyosomea. Hakumwambia asahau. Alimuuliza mumewe alikuwa akila nini, akilala upande gani, waligombana juu ya nini. Na siku moja yule mama akasema kilichokuwa kimemfunga. Hakumwona maiti wa mumewe, wala kaburi. Watu wamekuja tu wakasema kafa. "Nikasema moyoni, nikisema na mie kwamba kafa, ndiyo nitakuwa nimemuua mie. Basi nikakaa kimya, nikamwekea maji."

Nilitafsiri neno kwa neno. Mama daktari akamuuliza, "Na jana jioni? Uliweka maji?"

"Nimeweka. Nimeogea mie."

Mganga mkuu alikuja mwisho wa mwezi kama alivyosema, na karatasi zake za treni. Bibi alikuwa amevaa kanga yake nzuri kuliko zote, kama anakwenda kortini. Mganga mkuu aliketi kitini, akauliza kupitia kwangu kama huyu mama anajua yuko wapi.

"Niko Temeke," akajibu, "nangoja bwana huyu amalize maswali nikamnyonyeshe mtoto."

"Anajua mumewe yuko wapi?"

Hapo nilisita. Mama daktari hakunitazama; alitazama mikono yake. Nikauliza.

Yule mama alimweka mtoto sawa mgongoni. "Amezikwa kwenye mkonge," akasema. "Watani wake wameshamlilia. Na mie nimemlilia."

Mganga mkuu alimuuliza mama daktari watani ni kitu gani. Akamjibu kwamba ni habari ndefu, atamweleza wakila chakula cha mchana. Mganga mkuu akacheka, akazikunja karatasi, akazirudisha mfukoni. Ijumaa ile treni ya bara iliondoka na watu wake.

Baada ya mganga mkuu kwenda, tulibaki pale barazani. Hakuna aliyetaka kuondoka kwanza. Bibi alikuwa anamshukuru Mungu, dresa, dereva, kila aliyepita. Mie nilikuwa nimejaa shukrani nisiyojua niipeleke wapi, na bado ninayo. Nimeibeba mji hadi mji, na pale ninapomsikia mtu akisema elimu ya Wazungu ilikuja kutufundisha tu, namkumbuka mama mmoja aliyekubali kufundishwa, hata kofia yake ikachukuliwa.

Yule mama alikuwa ameketi mkekani, mtoto ananyonya. Alimgeukia mama daktari, na lilikuwa swali lake la kwanza kwake tangu tumjue.

"Mama Daktari, na nyie kwenu, mtu akifiwa, nani anakuja kumchekesha?"

Nikatafsiri. Mama daktari akafikiri, kwa kweli akafikiri, akitafuta kwao kote.

"Hakuna," akasema. "Tunaandikiana barua."

Yule mama alimtazama kwa huruma ambayo sikuwahi kuiona akimtazama nayo mtu. Akasogea mkekani, akapiga kiganja chake mahali pa kukaa, karibu naye.

"Poleni," akasema. "Poleni sana."